Magari Matano ya Papa Dieudonné

Kisangani, Jumapili baada ya misa

Yaya Antoinette mpendwa,

Mdogo wako Bernadette anakusalimu, na vidole vyake bado vinanuka rangi. Goti lako linaendeleaje? Aliyeniletea barua yako alisema sasa unashuka mpaka mtoni bila fimbo, lakini nakujua, wewe hata ukiwa umelala chini utasema uko salama. Safari hii niambie ukweli. Na shemeji, kikohozi kimemwacha? Na mwanangu Grâce? Ile sketi ya shule niliyotuma inamfika magotini, au ameshaipita?

Mimi ni mzima, ila nimechoka, Yaya. Si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Macho yanawasha, shingo imekaza kama mti, na nikifumba macho naona magurudumu madogo. Umeniuliza kwa nini nimekaa kimya muda wote huu. Nitakueleza. Papa mmoja mfanyabiashara anaondoka kesho kwa pikipiki kwenda Ubundu, na kutoka huko anapanda mashua mpaka kwetu Lowa, kwa hiyo nina mchana huu mzima wa kuandika.

Kazi yangu unaijua. Naandika majina ya maduka, nachora vichwa vya akina mama vilivyosukwa kwenye kuta za saluni, naandika majina ya mashua pale bandarini. Mvua ikianza, kazi hiyo inalala. Nilikuwa nimekaa hivyo, bila kazi, Mama Philo aliponiita. Huyu ni mama tunayeimba naye kwaya, mjane, nyumba yake iko Simi-Simi karibu na uwanja wa zamani wa ndege. Mume wake, marehemu Papa Dieudonné, alikuwa fundi kule Bangboka kwenye uwanja mpya, maisha yake yote.

Alinipeleka chumba cha nyuma. Kulikuwa na meza ndefu iliyofunikwa shuka, na alipoifunua niliona magari matano. Si magari ya watoto ya kununua sokoni, Yaya. Haya huja ndani ya sanduku, vipande vipande vya plastiki vimeshikana kwenye fremu kama majani kwenye kijiti. Unakata kipande kimoja kimoja, unasugua, unabandika kwa gundi, unapaka rangi, mpaka mwisho unapata gari kamili, na injini yake, na viti vyake, na usukani usiozidi kucha ya kidole kidogo. Rubani mmoja mgeni aliyekuwa akitua Bangboka ndiye alimletea Papa Dieudonné masanduku hayo, leo moja, mwaka mwingine moja. Hakuyafungua. Alingoja mpaka yakawa matano, akangoja mpaka akastaafu, kisha akayaanza yote kwa siku moja.

"Juu ya nini yote mara moja?" nikamuuliza Mama Philo.

"Alisema hakuna mutoto wake atasema gari ya mungine ilitoka mbele. Alitaka kubapatia bote siku moja." Akanyoosha shuka mikononi. "Batoto ni bane. Ya tano alisema ni yake mwenyewe."

Watoto hao wanne nawajua kwa picha iliyoko ukutani, wote watu wazima sasa: Justin mkubwa, halafu Clarisse, Héritier na Mireille. Mmoja yuko Bunia, wengine Kinshasa. Baba yao alianguka siku moja asubuhi akivaa viatu, hakuamka tena. Magari yakabaki pale mezani nusu nusu. Sasa misa ya kutimiza mwaka ilikuwa inakaribia na watoto wote walikuwa wanakuja.

"Mama Grâce, we iko na mukono ya kutulia," akaniambia. "Unimalizie."

"Mama, mi sijafanya hii kazi hata siku moja. Mi naandika tu majina ya maduka."

"Hata yeye hakujua. Alijifunza."

Bon, nikakubali. Laiti ningejua, nisingekubali.

Yaya, gari moja tu lingetosha kumchosha mtu. Matano kwa pamoja ni kama kuogesha mapacha watano huku wanakimbia. Vipande vilikuwa vinafanana, nikabandika kiti cha gari la kijani ndani ya la manjano, ikabidi nikibandue kwa wembe. Baadaye nikatafuta vikopo vitano, nikaandika namba, kila gari na vipande vyake. Magurudumu ishirini. Vioo vya mbele na nyuma, na gundi ikigusa kioo kidogo tu, kinapata ukungu hakionyeshi tena. Ubaya mwingine ni hewa ya hapa. Mvua ikinyesha, rangi haikauki. Unapaka asubuhi, jioni bado inashika kidole. Ndiyo sababu nilielewa akili ya Papa Dieudonné: hili likiwa linakauka unasugua lile, lile likikauka unabandika injini ya jingine. Unazunguka meza kama saa. Ila mtu mwenyewe hakauki, hapumziki.

Rangi zake alikuwa amezichagua tayari. Nyekundu, kijani, manjano, nyeusi, na moja ya buluu ambayo paa lake alishalipaka jeupe kabla hajafa. Hilo paa alilipaka vizuri, Yaya, laini kama yai. Siku ya kwanza nililitazama muda mrefu nikaona aibu kushika brashi.

Wiki ya tatu ndipo mambo yalipoharibika. Kila gari lina sakafu yake kwa chini, mahali ambapo hakuna mtu anaangalia, na hapo panapakwa nyeusi. Nikayageuza yote matano. Kumbe Papa Dieudonné alikuwa ameandika kwa penseli, herufi ndogo ndogo za fundi. Justin. Clarisse. Héritier. Mireille. Nikageuza la buluu. Solange.

Nilikaa nalo mkononi. Nilimsikia Mama Philo uani akitwanga ndizi za lituma, mchi unapanda unashuka. Nikatazama picha ukutani, nikahesabu tena kama mjinga, wanne. Hakuna Solange. Si dada yake, si mama yake, familia yao naijua, kwaya nzima tunajuana. Unaelewa mwenyewe. Nilielewa na mimi.

Nilifanya nini? Nilichovya brashi nikapaka nyeusi juu ya jina. Nikaanza na hilo, halafu yale mengine manne, ili yafanane. Nilijiambia kwamba mimi nimeitwa kupaka rangi, sikuitwa kufunua mambo ya watu. Ukweli ni kwamba nilichoka na niliogopa. Mtu akichoka sana, njia iliyo karibu ndiyo anaona ni njia nzuri.

Mama Philo akaja na sahani ya lituma na samaki. Akaiweka mbali na rangi. Akatazama magari yamelala migongo chini, meusi yote.

"Kwa chini, alikuwa ameandika kitu?"

"Ndiyo, Mama. Majina ya batoto."

"Na kwa hii ya buluu?"

"Hapana."

"Hakuna jina?"

"Hakuna, Mama."

Alinitazama kidogo tu. Akasema, "Kula, chakula itapoa," akatoka. Ile lituma ikapoa pale pale.

Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Vanishi niliyopaka ikageuka nyeupe kama maziwa yaliyomwagika, magari mawili yakaharibika, nikayasugua yote kuanza upya. Shingo iliniuma mpaka nikawa nafanya kazi nimepiga magoti. Na kila nikigeuza la buluu naona ule weusi, na najua kilichoko chini yake. Siku ya nne nikaweka brashi chini, nikaenda jikoni. Mama Philo alikuwa anachambua maharage.

"Mama, nilikudanganya. Kulikuwa jina."

Hakuinua uso. Mikono iliendelea na maharage. "Nani?"

"Solange."

Akalisema polepole, kama mtu anayeonja chumvi. "Solange." Halafu akaniambia maneno ambayo bado yananikaa hapa kifuani. "Mi najua, Mama Grâce. Siku mingi najua. Kuko mutoto kule kwa maporomoko, kwa batu ba samaki. Sikujua jina tu. Sikuuliza. Kama ningeuliza, angenijibu, na mi sikutaka anijibu."

"Unisamehe, Mama."

"Alisema ya tano ni yake. Nilitaka kujua kama ni kweli, ao kama aliweka ule mutoto pamoja na bangu." Akasukuma sinia pembeni. "Aliweka. Bon. Jina inaweza kurudi?"

Nilijaribu. Fundi wa gereji ya jirani alinipa mafuta ya breki, yanatoa rangi bila kuyeyusha plastiki. Nikasugua kwa pamba. Weusi ulitoka, kweli, na penseli ikatoka nao. Plastiki ikabaki safi, kijivu, kama vile hakuna mkono uliowahi kuandika hapo. Nililia, Yaya. Mwanamke mzima, nalia juu ya kigari.

Nikamwambia, "Mama, mukono yake nimeiona. Naweza kuandika sawasawa kama yeye. Hakuna mutu atajua."

Si majivuno. Miaka yote hii nakopi herufi za watu. Lakini alikataa.

"Mi nitajua. Na wewe umeshasema uwongo moja juu ya hii gari, inatosha. Andika na mukono yako."

Nikaandika kwa brashi yangu nyembamba kabisa, rangi nyeupe, kwa mwandiko wangu mwenyewe, Solange, na majina yale manne kwenye magari mengine.

Siku mbili kabla ya misa aliniomba nimsindikize. Tukaenda mpaka kwenye maporomoko, pale wavuvi wanapoishi na akina mama wanauza samaki. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Nilifikiri tutauliza nyumba kwa nyumba. Mama wa kwanza tuliyemuuliza alionyesha kidole tu. Watu wote walikuwa wanajua.

Solange ni binti mkubwa, mwenye mikono yenye nguvu. Alikuwa anapasua samaki. Mama yake alishafariki, anaishi na mjomba. Uso wake, Yaya, ni uso ule ule wa wale wanne wa picha ya ukutani, hata mtu asiyeona angeujua kwa kuugusa.

"Mi bibi ya Dieudonné," Mama Philo akasema. "Kesho kutwa ni misa yake. Kuja kwa nyumba."

Binti hakusimama. "Kufanya nini?"

"Kuko kitu yako."

"Mi sina kitu kule, mama."

"Kuja tu."

Akaendelea kupasua samaki. Tukarudi. Tulipofika alivua viatu akakaa uani na miguu ndani ya maji, akaniambia niende nyumbani kulala.

Siku ya misa. Watu walirudi kutoka kanisani, wakala, wakanywa. Nilikuwa nimepanga magari kwenye meza ndogo barazani na kuyafunika kitambaa, kwa sababu Mama Philo alitaka kuyafunua mwenyewe. Watoto wake alishawaambia usiku uliotangulia. Wale watatu hawakubisha. Justin alibisha. Ni mtu mzima, ana ndevu zenye mvi, na alinijia mbele ya tonton zake wote, ndugu za marehemu.

"Mama Bernadette, wanasema kulikuwa jina. Onyesha mukono ya papa."

"Haiko tena. Niliipaka rangi."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Donc kuko maneno yako tu. Unatuletea mutu kwa familia na maneno yako tu."

Nilitamani ardhi inimeze na brashi zangu zote. Mama Philo akasema kutoka kwenye kiti chake, "Na maneno yangu, Justin." Yeye akamjibu mama yake kwa heshima, lakini kwa ukali, kwamba mama hakuona hilo jina, aliambiwa. Na ni kweli, aliambiwa na mimi, mtu niliyekwisha kusema kinyume chake.

Hapo ndipo Solange alipoingia langoni. Amevaa vizuri, ana kikapu cha samaki waliokaushwa, hakuja mikono mitupu. Alimpa Mama Philo kikapu, akabaki amesimama.

Justin akamuuliza, "We unatafuta nini hapa?"

"Sitafuti kitu. Mama aliniita." Akamgeukia Mama Philo. "Mama, kama ni juu ya ile gari, mi sitaki."

"Gari gani?" Justin akauliza.

"Gari aliniambia. Tangu niko mudogo. 'Solange, nitatengeneza gari yako, ya buluu, kichwa yake nyeupe.' Mi nilizani ni gari ya kweli. Niliambia batoto bote ya masomo, baba yangu ataniletea gari. Bakanicheka. Kila mwaka bananiuliza, gari iko wapi?" Akamgeukia Justin. "Nikamuita muongo. Mara ya mwisho alikuja kunisalimia, nikajifungia ndani. Hakurudi tena. Kumbe alikufa."

Kitambaa kilikuwa bado juu ya meza, Yaya. Hakuna aliyekuwa amefunua kitu. Mama Philo akainuka, akakivuta. Magari matano, na lile la buluu mwishoni, paa jeupe.

Solange alilitazama. Akakaa chini, pale pale sakafuni, na kitenge chake kizuri. "Ni hii?" akasema. "Ni hii kidogo?" Akaanza kucheka na kulia kwa wakati mmoja, na Mireille, yule mdogo wa mwisho, akaenda kukaa chini karibu naye.

Justin alichukua gari la buluu, akaligeuza, akasoma mwandiko wangu. Akaliweka tena mezani, akatoka mpaka barabarani. Nilidhani ameondoka. Baada ya muda akarudi amebeba kiti cha plastiki kutoka kwa jirani. Akakiweka mbele ya Solange. "Ikala," akamwambia. "Usikae chini." Hakusema zaidi ya hapo siku hiyo, na sijui atasema nini kesho. Kuna tonton mmoja ambaye aliondoka bila kuaga. Mambo ya familia hayakauki haraka kuliko rangi. Lakini binti aliondoka na gari lake mikononi, na Clarisse alimsindikiza mpaka barabara kubwa.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilikuwa nimechoka hivi kwamba nilisimama mara mbili njiani kushika ukuta. Na kila niliposimama nilimfikiria Grâce. Yaya, katika kila barua nimekuandikia, "Mwambie mama anakuja sikukuu." Sikukuu gani, sikusema. Nilidhani ninamfariji. Miaka minne. Na yeye huko anawaambia wenzake nini? Nani anamcheka? Wewe hujawahi kuniandikia hilo, na najua kwa nini. Unaniogopea, kama mimi nilivyomwogopea Mama Philo.

Basi, acha nimalize kabla mwanga haujaondoka. Nisalimie shemeji, na umwambie nimepata ile dawa ya kifua, ipo ndani ya mfuko huu. Nisalimie mama mkubwa aliyetulea, usimwambie habari za shingo yangu. Nisalimie kaka yetu wa mashua na mkewe, na mtoto wao mpya ambaye sijui hata jina lake, niandikie. Katekista aliyenifundisha kuandika mwambie mkono wake bado unanilisha. Mungu akulinde, na goti lako lipumzike.

Karatasi ya chini ni ya Grâce. Usimsomee wewe. Mpe asome mwenyewe, hata akikwama kwenye maneno, mngoje.

Mdogo wako anayekupenda,
Bernadette

Grâce, mwanangu,

Mimi ni mama yako. Sitakuja Noeli hii. Njia ni ndefu, na kazi niliyo nayo nikiiacha sitaipata tena. Nilikuahidi mara nyingi, na nilipokuwa nikiahidi sikujua siku. Hilo lilikuwa kosa langu, si lako, na si la mama yako mkubwa. Nikijua siku, nitakuandikia siku yenyewe. Wakikuuliza shuleni mama yako yuko wapi, sema yuko Kisangani, anaandika majina ya maduka. Kama umenikasirikia, niandikie umekasirika. Nitaisoma yote.

Mama